Ufuo Mmoja, Kuta Tatu: Pambo na Mwenye Ukuta katika Picha za Pwani za Edvard Munch

Utangulizi

Katika uhakiki wetu wa sanaa, neno "pambo" limezoea kutumiwa kwa dharau. Mhakiki akitaka kulishusha hadhi shairi husema kwamba limejaa mapambo. Akitaka kulisifu husema kwamba halina pambo lisilo na kazi. Nyuma ya matumizi haya imejificha dhana kwamba kuna sanaa ya kweli, ambayo msanii huizaa kwa hiari yake, na kuna pambo, ambalo hutengenezwa kwa agizo la mtu mwenye fedha anayetaka ukuta wake upendeze. Makala haya yanakusudia kuichunguza dhana hiyo kwa kutumia mfano mmoja kutoka nje ya Afrika, yaani picha za ufuo wa bahari ambazo mchoraji wa Norway, Edvard Munch (1863–1944), aliagizwa kuzichora kwa ajili ya kuta tatu za faragha kati ya mwaka 1904 na 1922.

Picha za bahari zilizochorwa kwa ajili ya kuta za faragha zilikuwa nyingi mno katika Ulaya ya wakati huo. Reli ilikuwa imewafikisha watu wa miji mikubwa pwani, na kukaa ufuoni wakati wa kiangazi kumekuwa desturi ya wenye nafasi. Waliporudi mjini walitaka bahari iwafuate. Vilabu vya waungwana, majumba ya tamthilia, hoteli na nyumba za matajiri viliwaagiza wachoraji wavipambe kwa picha za mashua, mawimbi na watu wanaopunga upepo. Nyingi za picha hizo zilifanya kazi iliyotakiwa na hazikufanya zaidi: zilipendeza, zikazoeleka, kisha zikasahauliwa.

Mfano wa Munch una faida ya pekee kwa mtafiti. Mwanaisimu akitaka kujua jinsi mazingira yanavyoibadili sauti, huichukua sauti ile ile akaichunguza katika mazingira mbalimbali. Hapa nasi tunaye mchoraji yule yule, na ufuo ule ule, na aghalabu watu wale wale wanaocheza na kukumbatiana juu ya mchanga ule ule; kinachobadilika ni ukuta na mwenye ukuta. Hoja tunayotaka kuitetea ni kwamba haitoshi kuuliza kama pambo liliagizwa au halikuagizwa. Yafaa tuulize ni nani aliyeagiza, ni nani atakayeishi nalo kila siku, na kama watu hao wana sauti sawa juu ya hatima yake.

Maneno mawili: pambo na ukanda

Kabla ya kuingia katika mfano wenyewe, yafaa tuyaangalie maneno mawili tutakayoyatumia. La kwanza ni "pambo". Kitenzi "kupamba", kama kinavyotumika katika mwambao wetu, hakina maana ya kuongeza urembo tu. Bibi arusi hupambwa, na kupambwa kwake ni sehemu ya kuvuka kutoka hali moja ya maisha kwenda nyingine. Maiti nayo hupambwa kabla ya kuzikwa. Katika matumizi hayo, pambo si kitu cha ziada ambacho kingeweza kuachwa bila hasara; ni tendo ambalo jamii hulitenda ili mahali, au mtu, au wakati, upate maana yake. Dharau tuliyoitaja hapo juu, basi, haikutoka katika lugha. Inaelekea kwamba imeingia katika uhakiki wetu pamoja na nadharia za kigeni zilizoitenga sanaa na matumizi yake.

Neno la pili ni "ukanda". Katika ujenzi wa Ulaya kulikuwa na desturi ya kale ya kuuzungushia ukuta mfululizo wa michoro au nakshi zilizopangwa kwa mstari, mara nyingi karibu na dari, ili jicho lizifuate moja baada ya nyingine kama mtu anayesoma. Tutauita mfululizo huo "ukanda wa picha", kwa kuwa huuzunguka ukumbi kama mkanda unavyozunguka kiuno. Sifa moja ya ukanda wa picha ni muhimu kwa hoja yetu: picha iliyomo ndani yake haikukusudiwa kutazamwa peke yake. Inapata sehemu ya maana yake kutoka kwa jirani zake, kama ubeti unavyopata maana kutoka kwa beti zinazoutangulia na zinazoufuata. Ukiung'oa ubeti mmoja katika utenzi, utabaki na maneno mazuri, lakini utenzi hutakuwa nao tena.

Ufuo wa Åsgårdstrand

Åsgårdstrand ni kijiji kidogo kilichoko upande wa magharibi wa mkono wa bahari unaoingia ndani hadi Oslo, mji ambao hadi mwaka 1925 uliitwa Kristiania. Hapo waliishi wavuvi na mabaharia, na wakati wa kiangazi walikuja watu wa mjini kupumzika. Munch alikaa huko kiangazi baada ya kiangazi kuanzia miaka ya mwisho ya 1880, na baadaye akanunua nyumba ndogo ya mvuvi. Ufuo wake ni wa mawe ya mviringo na mchanga. Miti inaukaribia sana. Na katika usiku wa kiangazi wa kaskazini giza halikamiliki, bali anga na maji hubaki na nuru ya kijivu na samawati hadi alfajiri.

Kutokana na ufuo huo Munch alijenga lugha yake ya picha. Mstari wa ufuo unapinda kama nyoka na kuligawa turubai mahali pamoja na bahari. Mwezi, au jua la usiku, unaangusha mwanga wake juu ya maji kama nguzo iliyosimama. Wanawake waliovaa nguo nyeupe wanatazama baharini. Wenzi wanacheza dansi. Mwanamume mmoja ameketi juu ya jiwe akiwa ameshika tama. Picha alizochora hapo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, kama vile zile zinazojulikana kwa majina ya Huzuni na Dansi ya Maisha, zimekuwa miongoni mwa kazi zake mashuhuri kabisa.

Munch hakuziona picha hizi kama kazi zilizotengana. Mwaka 1902 alizionyesha Berlin picha 22 zikiwa zimepangwa ukutani kwa mfululizo, zikisimulia mapenzi, wivu, hofu na kifo. Mkusanyiko huo uliitwa Ukanda wa Maisha. Katika kijitabu alichokitoa mwaka 1918 alieleza kwamba mstari unaopinda wa ufuo unapita katika picha zote, na kwamba ng'ambo ya mstari huo bahari haitulii, hali chini ya miti maisha yanaendelea na furaha zake na majonzi yake. Kwa maneno mengine, kwake yeye ufuo ulikuwa uzi wa masimulizi, na mandhari ya kupendeza ilikuja baadaye.

Hata hivyo, Ukanda wa Maisha haukuwahi kupata nyumba. Munch alitamani ukumbi mmoja ambamo picha zote zingekaa pamoja daima, lakini hakuupata. Ziliuzwa moja moja, zikachorwa upya, zikatawanyika. Jambo hili halina budi kuzingatiwa na kila anayedhani kwamba msanii aliye huru hahitaji mwagizaji. Picha alizozichora bila agizo la mtu zilikosa ukuta. Maagizo matatu tutakayoyaeleza yalimpa kile ambacho uhuru wake haukuweza kumpa.

Ukuta wa kwanza: chumba cha watoto

Mwagizaji wa kwanza alikuwa Daktari Max Linde, tabibu wa macho katika mji wa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani. Linde hakuwa tajiri wa kawaida aliyetaka kufunika kuta zake. Alikuwa mkusanyaji hodari aliyemiliki kazi za mchongaji Rodin wa Ufaransa, na mwaka 1902 alitoa kitabu kuhusu Munch ambamo alimtetea kama msanii wa siku zijazo. Wakati huo wengi Ujerumani bado walimtilia Munch mashaka. Miaka kumi kabla, mwaka 1892, chama cha wachoraji wa Berlin kilichokuwa kimemwalika aonyeshe kazi zake kiliyafunga maonyesho yake baada ya wiki moja tu, kwa kuwa wanachama waliudhika. Mwaka 1903 Munch alichora picha ya wana wanne wa Linde wakiwa wamesimama pamoja, ambayo hadi leo huhesabiwa kuwa mojawapo ya picha bora za watoto katika sanaa ya Ulaya ya kisasa. Picha hiyo imehifadhiwa Lübeck.

Mwaka 1904 Linde alimwagiza amchoree ukanda wa picha kwa ajili ya chumba cha watoto hao. Katika barua yake alimwomba Munch achague mambo yanayofaa umri wao, ikiwezekana mandhari, na aepuke wapenzi wanaobusiana, kwani watoto bado hawakuwa na habari na mambo hayo. Ombi hili halikuwa la ajabu. Munch alichora miti kando ya bahari, wasichana wanaomwagilia maua maji, na wengine wanaochuma matunda. Lakini alichora pia dansi ufuoni, na vijana waliokumbatiana, na wenzi wanaobusiana bustanini. Ufuo wa Åsgårdstrand ulikuwa umekwisha kuwa na watu wake katika mawazo ya Munch, na hakuweza kuwafukuza.

Linde alizikataa picha hizo. Urafiki wao haukuvunjika, lakini ukanda haukutundikwa chumbani, na nyingi za picha zake zilirudi mikononi mwa mchoraji.

Ni rahisi kuisimulia habari hii kama kisa cha msanii jasiri na mwagizaji mwoga. Usimulizi huo haumtendei haki Linde. Yeye aliielewa sanaa ya Munch kuliko watu wengi wa zama zake. Alichokikataa ni mahali. Ukuta wa chumba cha watoto una msomaji wake maalumu, ambaye hawezi kufumba kitabu akaondoka. Hulala na kuamka mbele ya picha. Baba alizungumza kwa niaba ya watoto, kama walezi wanavyofanya, na watoto wenyewe hawakuulizwa. Hapa ndipo linapojitokeza kwa mara ya kwanza pengo kati ya mwenye ukuta na anayeishi na ukuta, ambalo litajitokeza tena.

Yafaa kuongeza kwamba nyumba ya Linde haikubomolewa. Leo ni ofisi ya mji wa Lübeck ya kuandikishia ndoa. Wenzi huingia na kutoka humo kila wiki, katika nyumba ambayo wenzi wa rangi walinyimwa nafasi ukutani mwake.

Ukuta wa pili: ukumbi wa tamthilia

Miaka miwili baadaye alitokea mwagizaji wa aina nyingine. Max Reinhardt (1873–1943) alikuwa mwongozaji mashuhuri wa tamthilia katika Berlin. Karibu na jumba lake kubwa aliligeuza jengo lililokuwa ukumbi wa dansi kuwa jumba dogo la tamthilia, lenye viti visivyofika mia nne, ambalo lilikusudiwa kwa michezo ya ndani na ya karibu, ambapo hata mnong'ono wa mwigizaji ungesikika. Jumba hilo lilifunguliwa tarehe 8 Novemba 1906 kwa mchezo wa Henrik Ibsen uitwao Mizuka, na Munch ndiye aliyechora michoro ya awali iliyoongoza utengenezaji wa mandhari ya jukwaa. Pamoja na kazi hiyo aliagizwa achore ukanda wa picha kwa ajili ya ukumbi mdogo wa ghorofani.

Ukumbi huu unakaribia sana kile tunachokiita klabu. Watazamaji wa Reinhardt walikuwa watu wa tabaka lenye mali na elimu. Walikuja wamevaa nguo za jioni, wakajuana, wakapanda juu kuzungumza. Picha zilizowazunguka zilipaswa kuwatoa katika mtaa wa Berlin na kuwaweka mahali pengine. Munch alizichora picha 12 kati ya mwaka 1906 na 1907, na zote zinatokana na ufuo ule ule: dansi ufuoni, usiku wa kiangazi, wenzi wanaokutana, wawili wapweke wanaotazama baharini, mwanamume mwenye huzuni juu ya jiwe.

Kwa upande wa fani, ukanda huu una sifa ambayo haikuwapo katika ule wa Lübeck. Munch alitumia rangi za tempera juu ya turubai ambalo halikupakwa dawa ya kuliandaa. Rangi hizo hunywewa na kitambaa na kukauka bila kung'aa, hata picha ikafanana na mchoro uliochorwa moja kwa moja juu ya chokaa ya ukuta. Rangi ya mafuta huirudisha nuru ya taa machoni, na mtazamaji hulazimika kusogea huku na huku. Rangi isiyong'aa humruhusu aione picha akiwa popote ukumbini, akiwa ameketi au akipita. Ukuta, basi, uliamua hata namna ya kutumia brashi. Picha ya Huzuni ya mwaka 1891 ilimtaka mtu asimame mbele yake peke yake. Ndugu yake wa Berlin anapumua pamoja na chumba. Nyuso zimekuwa mabaka ya rangi, majonzi yamepungua ukali, na mstari wa ufuo umechukua nafasi ya kwanza. Hatuwezi kusema kwamba maudhui yamepotea. Yamehama kutoka katika uso wa mtu mmoja hadi katika mwendo wa ukanda mzima.

Hapana shaka kwamba huu ndio ukanda uliofanikiwa kuliko yote kisanaa. Pamoja na hayo, ndio uliodumu muda mfupi kuliko muda ambao mtu angeutarajia. Mwaka 1912 ukumbi ulifanyiwa matengenezo, picha zikang'olewa na kuuzwa. Leo nyingi zimo katika Jumba la Taifa la Sanaa la Berlin, na nyingine zimo katika makumbusho mengine ya Ujerumani.

Hatima ya picha moja inatosha kuonyesha maana ya kuung'oa ubeti katika utenzi. Dansi Ufuoni, iliyo kubwa kuliko zote na yenye upana wa mita nne hivi, iliingia katika mkusanyiko wa Curt Glaser, mwanahistoria wa sanaa aliyekuwa mkurugenzi wa maktaba ya sanaa ya serikali huko Berlin. Mwaka 1933, utawala wa Hitler uliposhika madaraka, Glaser alifukuzwa kazini kwa kuwa alikuwa Myahudi, akauza sehemu kubwa ya mali yake akaikimbia nchi. Reinhardt naye alikuwa Myahudi na aliondoka Ujerumani mwaka huo huo. Wote wawili walifia New York mwaka 1943. Picha ilinunuliwa mwaka 1934 na Thomas Olsen, tajiri wa meli wa Norway aliyekuwa jirani wa Munch. Olsen aliitundika katika sebule ya abiria wa daraja la kwanza ya meli yake Black Watch, iliyosafiri kati ya Oslo na Newcastle mwaka 1939. Vita vilipoanza iliondolewa melini, ikafichwa katika ghala la shamba la mbali pamoja na kazi nyingine za Munch. Mwezi wa Machi mwaka 2023 iliuzwa mnadani London, kwa makubaliano kati ya familia ya Olsen na warithi wa Glaser, kwa bei ya paundi milioni 16.9.

Tuangalie safari hiyo: kutoka ukumbi wa wapenda tamthilia hadi nyumba ya mwanachuoni, kutoka hapo hadi sebule ya daraja la kwanza, hadi ghalani, hadi mnadani. Kila mahali picha ilibeba ufuo ule ule, na kila mahali ilisema jambo jingine. Melini ilikuwa burudani ya abiria. Ghalani ilikuwa mali iliyonusurika. Mnadani ilikuwa ushahidi wa dhuluma na jaribio la kuirekebisha. Mhakiki anayeisoma picha hii kwa kutazama rangi zake tu atakuwa ameacha nje sehemu kubwa ya maana ambayo imejikusanya juu yake.

Ukuta wa tatu: bwalo la wafanyakazi

Agizo la tatu lilitoka mahali ambapo hapakutarajiwa. Freia ni kiwanda cha chokoleti kilichoko Oslo. Mkurugenzi wake, Johan Throne Holst, alimwagiza Munch mwaka 1922 apambe bwalo walimokula wafanyakazi wa kike. Wafanyakazi wengi wa kiwanda hicho walikuwa wanawake, waliosimama saa nyingi wakifinyanga, wakifunga na kupakia chokoleti. Munch aliwachorea picha 12. Baadhi ya mambo aliyoyachora yanajulikana kwetu: dansi ufuoni, wasichana wanaochuma matunda, wasichana wanaomwagilia maua maji. Mambo yaliyokataliwa katika chumba cha watoto wa Lübeck yalipata hatimaye ukuta wa kukaa.

Hapa mhakiki wa mwelekeo wa kijamii ana maswali yake, na ni ya haki. Miaka hiyo chama cha wafanyakazi kilikuwa na nguvu nchini Norway. Sheria ya saa nane za kazi kwa siku ilipitishwa mwaka 1919. Mwajiri aliyewapa wafanyakazi wake bwalo lenye picha na bustani ya kupumzikia aliweza kuonekana kama baba mwema, na baba mwema hulipwa kwa utulivu. Isitoshe, ufuo uliochorwa ni ufuo wa mapumziko. Wanawake waliotoka kwenye mashine kwa muda mfupi wa chakula walionyeshwa wanawake wengine wakicheza kando ya maji. Je, hilo lilikuwa zawadi, au lilikuwa ukumbusho wa kile wasichokuwa nacho? Tena kuna ufuo mwingine ambao haukuchorwa kabisa. Kakao haikui Norway. Wakati huo nchi iliyoongoza duniani kwa kuuza kakao ilikuwa Gold Coast, iliyopata uhuru mwaka 1957 kwa jina la Ghana, ambako magunia yalibebwa na makuli hadi mashuani ili yafikishwe kwenye meli zilizotia nanga mbali na ufuo. Ukanda wa Freia unasimulia habari za pwani katika nyumba iliyoishi kwa mazao ya pwani za mbali, lakini pwani hizo hazimo. Msomaji wa Kiafrika ana haki ya kuuona ukimya huo na kuuhesabu kuwa sehemu ya picha.

Hata hivyo, hoja ya upande wa pili nayo yafaa ipewe uzito wake. Wanawake hao walikuwa wafanyakazi wa kwanza kukalia chakula mbele ya ukanda mzima wa mchoraji mkubwa wa nchi yao, ambaye wakati huo picha zake zilitundikwa katika majumba ya taifa na katika nyumba za matajiri. Miaka sita kabla, mwaka 1916, picha zake kubwa zilikuwa zimezinduliwa katika ukumbi wa sherehe wa Chuo Kikuu huko Kristiania, zikiwa na jua linalochomoza juu ya bahari katikati yake. Ukumbi huo wa wasomi na bwalo hilo la wafunga chokoleti vilipambwa na mkono mmoja. Tena kuna jambo la hakika lisiloweza kupuuzwa: mwaka 1934 kiwanda kilipojenga ukumbi mpya wa kulia, picha zilihamishiwa humo zote pamoja, na humo zimebaki. Katika kanda tatu, ni huu wa kiwandani peke yake ambao haukutawanyika.

Agizo na uhuru wa msanii

Tukiziweka kuta tatu pamoja, tunaona kwamba ubora wa picha haukuamua hatima yake. Ukanda wa Berlin, uliofaulu kuliko yote, ndio uliovunjwa na kutawanywa. Ukanda wa Oslo, ambao wahakiki wengi huuona kuwa mwepesi ukilinganishwa na kazi za ujanani mwa Munch, ndio uliodumu. Kilichoamua ni uhusiano kati ya mwenye ukuta na ukuta wenyewe. Ukumbi wa Reinhardt ulikuwa mahali pa biashara ya burudani, ambapo upya ni sehemu ya bidhaa. Pambo lilipozoeleka lilibadilishwa. Chumba cha Linde kilikuwa mahali pa malezi, na pambo lilipimwa kwa kipimo cha malezi. Bwalo la Freia lilikuwa mahali pa mazoea ya kila siku, na mazoea ndiyo yaliyolilinda pambo.

Jambo hili halipaswi kuwashangaza wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake mashuhuri ni ya mwaka 1728, ulitungwa na Bwana Mwengo kwa kutakiwa na mfalme wa Pate. Hakuna mhakiki makini anayeutupa utenzi huo kwa sababu uliagizwa. Tunauliza badala yake mshairi alifanya nini ndani ya agizo hilo, na hadhira iliyousikia ikiimbiwa nje ya jumba la mfalme iliupokea vipi. Utenzi ulidumu kwa sababu ulinakiliwa na kuimbwa na watu ambao hawakuwa wameuagiza. Yaani, agizo liliuzaa, lakini waliouishi ndio walioufanya uwe wao.

Kwa hiyo yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo uhakiki wetu umezoea kuyachanganya. La kwanza ni uhuru wa msanii mbele ya mwagizaji. Katika hili Munch hakuwa mtumwa wa mtu: Linde alitaka mandhari bila wapenzi, akaletewa wapenzi. La pili ni haki ya wale watakaoishi na kazi hiyo. Katika hili rekodi ya kuta zote tatu ni hafifu. Watoto wa Lübeck walisemewa na baba yao. Wageni wa Berlin walikuta ukumbi umekwisha kupambwa na, baada ya miaka michache, umekwisha kupambuliwa. Wanawake wa Freia waliletewa picha na mkurugenzi. Mjadala kuhusu uhuru wa msanii umejaza vitabu vingi. Mjadala kuhusu haki ya anayekaa mbele ya ukuta haujaanza sawasawa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba picha za ufuo zilizochorwa kwa agizo si lazima ziwe kazi duni, na kwamba neno "pambo" likirudishiwa uzito lilio nao katika lugha yetu linaweza kuwa istilahi ya uhakiki badala ya kuwa tusi. Kupamba mahali ni kusema mahali hapo ni pa nini na ni pa nani. Ndiyo maana pambo huzua ugomvi, hung'olewa, hufichwa, hushtakiwa, na wakati mwingine hulindwa kwa miaka mia.

Funzo hili lina matumizi karibu nasi. Kumbi za vyuo vyetu, mabwalo ya shule, hospitali na majengo ya umma yanaendelea kujengwa na kupambwa, na maagizo hutolewa na kamati ambazo wajumbe wake hawatakula wala kulala ndani ya majengo hayo. Mwenye fedha ataendelea kuchagua mchoraji, na mchoraji mwenye kipawa ataendelea kuuchora ufuo wake mwenyewe hata akiagizwa kuchora mwingine. Anayebaki bila nafasi katika mazungumzo hayo ni yule atakayeukalia ukuta kwa miaka thelathini. Uhakiki wa sanaa katika lugha yetu ungefanya kazi yenye manufaa iwapo ungeanza kumhoji yeye.